"Amelewa Tu": Kisa cha mgonjwa ambaye ini lake liliacha kutengeneza sukari

Usuli

Mgonjwa ni mwanaume wa miaka arobaini na kitu, kibarua wa kupakia na kushusha mizigo. Hana kisukari na hakuwa na dawa yoyote anayotumia kila siku. Jina, mahali na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa.

Kituo chetu ni kituo cha afya chenye wodi mbili na maabara ndogo. Jumapili zamu huwa na watu wawili, tabibu na muuguzi. Siku hiyo tabibu nilikuwa mimi. Mashine ya kupima sukari tunayo, lakini ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la kliniki ya kisukari, na kliniki hiyo hufanyika Jumatano. Nalitaja hili mapema kwa sababu lilikuja kutugharimu.

Ijumaa jioni mgonjwa alilipwa ujira wa wiki. Akanywa gongo na wenzake usiku huo, na Jumamosi kutwa akaendelea. Jumapili alfajiri mkewe alimkuta amelala kibarazani. Majirani wakasema mwacheni alale, pombe ikimtoka ataamka mwenyewe. Si watu wabaya hawa. Walikuwa wamemwona akiamka hivyo mara nyingi. Ilipofika saa nane mchana shemeji yake alimmwagia maji usoni, hakushtuka. Wakampakia kwenye bodaboda, shemeji akimshikilia kwa nyuma, wakamleta.

Yaliyotokea

Saa 8:45 mchana alipokelewa. Harufu ya pombe ilijaa chumba. Hakuitikia jina lake, alipobanwa kucha alikunja mkono na kukoroma. Presha 100/60, mapigo ya moyo 108 kwa dakika, joto la mwili 35.1. Alikuwa akipumua mara 28 kwa dakika, pumzi za kina. Kichwani hakuwa na jeraha wala uvimbe. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea.

Niliandika kwenye faili: ulevi uliopita kiasi. Nikaagiza alazwe ubavu asije akapaliwa na matapishi, awekewe dripu ya maji ya chumvi, aangaliwe. Kisha nikaenda kwa mtoto aliyekuwa akiharisha.

Saa 9:25 muuguzi aliniita. "Dokta, njoo umwone huyu, mkono wake unachezacheza." Kweli, mkono wa kulia na upande wa mdomo vilikuwa vinatikisika. Muuguzi hakungoja agizo langu. Alikuwa tayari amempigia simu mwenye ufunguo, mtoto wake akauleta mbio. Saa 9:30 sukari ilisoma milimoli 1.4 kwa lita, chini mno.

Nilimchoma dekstrosi (maji ya sukari ya kuingiza mshipani) ya asilimia 50, mililita 50, taratibu kwenye mshipa mkubwa wa mkono, na kumaliza saa 9:33. Saa 9:40 alifungua macho. Akauliza simu yake iko wapi. Mkewe alianza kulia, na mimi nilihisi aibu ambayo bado ninayo. Sukari ilipanda hadi 9.4, na saa 10:30 ilikuwa 6.2. Akanywa nusu kikombe cha chai ya sukari, akasema hawezi zaidi, akalala. Dripu iliyoendelea ilikuwa ileile ya maji ya chumvi.

Saa 1:05 usiku mkewe alitoka wodini akasema, "Baba anaongea maneno yasiyoeleweka." Shati lake lilikuwa limeloa jasho. Sukari 2.1.

Maamuzi na sababu zake

Mara hii hatukuishia kwenye sindano. Tulirudia mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50, halafu tukatengeneza dripu. Dekstrosi ya asilimia 10 hatukuwa nayo, tulikuwa na chupa za asilimia 5 za mililita 500. Tukatoa mililita 50 kwenye chupa, tukaingiza mililita 50 za asilimia 50. Chupa ikawa na gramu 47.5 za sukari, yaani asilimia 9.5. Tukaiendesha kwa mililita 100 kwa saa, na sukari ikawa inapimwa kila saa hadi saa sita usiku, kisha kila baada ya saa mbili.

Sindano ya vitamini B tulimpa, kwa ajili ya thayamini (vitamini B1) iliyomo. Mlevi wa muda mrefu huwa na upungufu wa thayamini, na kumjaza sukari bila vitamini hiyo kunaweza kuudhuru ubongo wake. Lakini msimamo wangu ni kwamba sukari ya 1.4 haingoji vitamini itafutwe. Inapewa sukari, na thayamini inafuata mara moja.

Nilitakiwa pia kujiuliza kama kuna sababu nyingine iliyoshusha sukari. Mama mzazi wa mgonjwa, anayeishi nyumba hiyohiyo, ana kisukari na hutumia glibenklamidi. Kidonge hicho hukamua insulini kutoka kongosho, na kwa mtu asiye na kisukari kinaweza kushusha sukari tena na tena kwa zaidi ya siku moja. Nikamwomba shemeji arudi nyumbani akahesabu vidonge akilinganisha na tarehe iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa. Akapiga simu: vimetimia, hakuna kilichopungua. Mgonjwa mwenyewe hakuwa na manjano machoni, tumbo halikuwa limejaa maji, homa hakuwa nayo. Nilimuuliza pia kuhusu kuona, kwa sababu gongo huweza kuchanganywa na methanoli inayoharibu macho. Alisoma saa ya ukutani bila shida.

Kuna aliyeuliza kwa nini hatukutafuta sindano ya glukagoni, homoni ya kupandisha sukari. Hatuna, na hata tungekuwa nayo isingemsaidia. Sababu yake ndiyo kiini cha kisa hiki.

Matokeo

Usiku ulikwenda vizuri: 7.0 saa mbili, 5.8 saa nne, 5.4 saa sita, 5.9 alfajiri. Saa tatu usiku alikuwa ameweza kunywa uji. Jumatatu asubuhi mkewe alileta mtori, akala bakuli zima. Tukapunguza dripu hatua kwa hatua na kuifunga saa sita mchana. Sukari haikushuka tena. Alitembea, aliongea vyema, hakubaki na udhaifu wa mkono wala mguu.

Uchambuzi: sukari ya damu inatoka wapi mtu asipokula

Katika damu yote ya mtu mzima kuna gramu 4 au 5 tu za glukosi, yaani sukari ya damu, kama kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia karibu gramu 120 kwa siku, yaani gramu 5 kila saa. Ukifanya hesabu hiyo utaona kwamba kusingekuwa na mtu wa kujaza, kijiko kile kingekwisha ndani ya saa moja. Anayejaza ni ini. Claude Bernard, mwanafiziolojia wa Ufaransa, aliligundua hilo katikati ya karne ya 19 alipokuta sukari ikitoka kwenye ini la mnyama ambaye hakuwa amelishwa sukari.

Ini lina njia mbili. Ya kwanza ni akiba. Baada ya mlo hufunga glukosi kwenye minyororo mirefu iitwayo glaikojeni, kama gramu 100 hivi kwa mtu mzima aliyeshiba, na mtu anapolala njaa huifungua taratibu. Akiba hiyo huisha kwa takriban siku moja ya kutokula. Misuli nayo ina glaikojeni, tena nyingi kuliko ini, ila haina kimeng'enya cha mwisho cha kuitoa glukosi nje ya seli. Sukari iliyoingia kwenye msuli haitoki ikiwa sukari. Glukagoni, ile sindano niliyoulizwa, kazi yake kubwa ni kuliambia ini lifungue akiba. Ghala likiwa tupu, amri ya kulifungua haileti kitu.

Njia ya pili ni kutengeneza glukosi mpya kutoka vitu visivyo sukari. Ini hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo na figo husaidia, na njaa ikiwa ndefu mchango wa figo huongezeka. Malighafi ni laktati, asidi amino kama alanini zinazotoka kwenye protini za misuli, na gliseroli inayotoka kwenye mafuta yanapovunjwa.

Laktati inahitaji maelezo yake. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, kwa hiyo haziwezi kuiunguza glukosi hadi mwisho. Huivunja nusu, zikabaki na laktati, zikaitupa kwenye damu. Misuli inayofanya kazi nzito hufanya hivyohivyo. Ini huizoa laktati hiyo, huirudisha kuwa glukosi na kuituma tena. Carl na Gerty Cori, mume na mke waliozaliwa Prague na kuhamia Marekani, waliueleza mzunguko huu mwaka 1929, na ndiyo maana unaitwa mzunguko wa Cori. Mwaka 1947 walipata tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya glaikojeni.

Hapa wanafunzi wengi huteleza. Mzunguko wa Cori hauongezi sukari hata chembe. Ni kaboni ileile inakwenda na kurudi, na safari yenyewe ina gharama: kuvunja glukosi moja kuwa laktati kunaipa chembe nyekundu ATP 2 (ATP ni kama sarafu ya nishati ndani ya seli), kuiunda upya kunaligharimu ini ATP 6, nishati ambayo wakati wa njaa ini huipata kwa kuunguza mafuta. Lakini glukosi iliyounguzwa na ubongo hadi kuwa kaboni dioksidi imepotea na pumzi, hairudi. Hiyo inafidiwa na kaboni mpya kutoka kwenye protini na gliseroli. Kuzungusha peke yake hakutoshi, na kuongeza peke yake hakutoshi. Mgonjwa wetu alinyimwa vyote viwili kwa pamoja.

Kreti tupu

Kila aliyewahi kutumwa dukani kuchukua soda kwa ajili ya shughuli anajua: huna kreti tupu, hupewi soda. Muuzaji anaweza kuwa na soda chumba kizima, lakini bila chupa tupu za kubadilishana biashara imesimama.

Ndani ya seli ya ini kuna kibebaji kiitwacho NAD. Kikiwa kitupu hupokea hidrojeni, kikijaa hakipokei tena hadi kishushwe. Ili laktati igeuke piruvati, hatua ya kwanza ya kuirudisha kuwa glukosi, lazima iachie hidrojeni yake kwenye NAD tupu. Gliseroli nayo, mahali fulani njiani, inahitaji NAD tupu. Pombe huvunjwa na ini kwa hatua mbili, kutoka ethanoli kwenda asetaldehidi, na kutoka hapo kwenda asetati. Kila hatua huchukua NAD tupu na kuijaza. Ini lililojaa pombe ni duka ambalo kreti zote zimejaa na hakuna tupu hata moja.

Matokeo yake laktati haisogei mbele. Gliseroli inakwama. Alanini hufika hadi kuwa piruvati bila taabu, lakini kwa kuwa hidrojeni imezagaa, piruvati hiyo inavutwa nyuma na kuwa laktati. Malighafi zote ziko mlangoni, na milango imeziba. Laktati inayorundikana huichachusha damu, na mwili hujaribu kuifukuza asidi kwa kupumua haraka na kwa kina. Zile pumzi 28 nilizoziandika kwenye faili kwa mkono wangu, nikapita, zilikuwa zinanieleza jambo hili. Mlevi anayelala usingizi wa pombe peke yake kwa kawaida hupumua polepole, hapumui kama aliyekimbia.

Inafaa niseme hapa kwamba pombe haizuii ini kufungua akiba ya glaikojeni. Ndiyo sababu watu wengi hunywa hadi kuzima na sukari yao haishuki: wana akiba. Hatari inawakuta waliomaliza akiba kwa njaa, na watoto, ambao akiba yao ni ndogo na matumizi yao kwa kila kilo ya uzito ni makubwa kuliko ya mtu mzima. Mtoto aliyekunywa mabaki ya pombe kwenye kikombe cha mkubwa ni mgonjwa wa dharura.

Kwa nini alishuka mara ya pili

Kosa la kwanza lilikuwa la kutopima. La pili lilikuwa la kutojua hesabu, na hili ndilo ninalotaka wenzangu walichukue.

Mtu mzima aliyetulia hutumia karibu miligramu 2 za glukosi kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika. Mgonjwa wetu ana kilo 60. Hiyo ni miligramu 120 kwa dakika, au gramu 7.2 kwa saa. Sindano moja ya dekstrosi ya asilimia 50 ina gramu 25. Gawanya: saa tatu na nusu. Tulimaliza kumchoma saa 9:33, mkewe akatuita saa 1:05. Mwili hauendi kwa saa ya ukutani hivyo, maana insulini nayo hufungia sehemu ya sukari kwenye seli, na nusu kikombe cha chai kiliongeza kidogo. Lakini ningeifanya hesabu hii mchana, ningejua kwamba nimenunua muda wa saa chache tu.

Na ini lilikuwa bado limefungwa. Ini la mtu mzima huondoa pombe kwa kasi ya gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na mtu aliyekunywa siku mbili mfululizo anaweza kubaki na pombe kwenye damu hadi kesho yake. Kuamka kwake kulinidanganya. Niliona macho yamefunguka nikadhani tatizo limekwisha, kumbe nilichofanya ni kumkopesha kijiko cha sukari wakati mtengenezaji bado hajafungua kazi. Dripu ya usiku ilimpa gramu 9.5 kwa saa, zaidi kidogo ya gramu 7.2 anazotumia, na ikashika nafasi ya ini hadi pombe ilipomtoka.

Yaliyofaa na yaliyotuangusha

Muuguzi ndiye aliyemwokoa. Aliona mkono unatikisika, akatafuta ufunguo bila kusubiri kuambiwa. Kuhesabu vidonge vya mama mzazi kulikuwa uamuzi mzuri pia, kwani kungekuwa na kidonge kilichopungua tungemshikilia na kumpima kwa muda mrefu zaidi.

Yaliyotuangusha ni yangu zaidi. Dakika 45 zilipita mtu akiwa na sukari ya 1.4 nami nimeridhika na neno "ulevi". Harufu ya pombe nilihesabu kuwa jibu, ilhali ilipaswa kuwa sababu ya kupima sukari kabla ya kitu kingine chochote. Sikuacha agizo la kurudia kipimo baada ya saa 10:30. Nilimwachia dripu ya maji ya chumvi isiyo na sukari ndani yake. Na mashine ilikuwa kabatini. Tangu wiki ile inakaa chumba cha dharura, imefungwa kamba kwenye msumari juu ya meza, na anayeingia zamu huangalia betri na idadi ya vijiti kabla ya kusaini.

Swali la mke

Jumatatu mchana, tukijiandaa kumruhusu kesho yake, mkewe aliniuliza: "Dokta, walikunywa wote wanne chupa moja. Wenzake wazima, tena jana walikwenda kazini. Kwa nini yeye?"

Sikuwa na jibu. Nikakaa kitandani pembeni ya mgonjwa nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuwauliza ndugu zake Jumapili: mara ya mwisho ulikula lini, na ulikula nini? Akanyamaza kidogo, kisha akafungua mdomo akanionyesha. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza hadi kwenye fizi, na shavu kwa ndani limevimba. Wiki nzima hakuwa ametafuna kitu. Alikuwa akinywa chai, na siku nyingine uji mwepesi, huku akibeba magunia. Ijumaa wenzake waliagiza nyama na ndizi za kuchoma, yeye akanywa tu, tena gongo alikuwa akiisukutua upande ule wa jino ili ipunguze maumivu. Ndiyo maana mtori ulimwingia vizuri na chapati aliikataa, jambo ambalo sote tuliliona na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo Ijumaa jioni, kabla ya glasi ya kwanza, ghala lake lilikuwa karibu tupu. Wenzake walikunywa juu ya akiba. Yeye alikuwa akiishi kwa sukari ambayo ini lake lilikuwa likiitengeneza saa kwa saa, na pombe ikaifunga njia hiyo.

Nilimweleza mkewe hivyo, kwa maneno ya ghala na kreti. Jumanne asubuhi, sukari ikiwa 6.1, tabibu wa meno aling'oa lile gego, na jioni akaruhusiwa kwenda nyumbani.